Pafu la kupandikizwa hufia kwenye mishipa yake

Ukiuliza kwa nini pafu lililotolewa kwa mtoaji huharibika kabla ya kufika kwa mpokeaji, wengi watakuambia limekosa oksijeni. Kwa figo na ini jibu hilo linatosha. Kwa pafu linapotosha. Pafu hufungwa likiwa na hewa ndani yake, na ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba mno, chini ya nusu mikroni katika sehemu nyingi. Oksijeni iliyomo kwenye vifuko vya hewa huendelea kuzifikia seli hata baada ya damu kusimama. Kilichokatika ni mkondo.

Seli zilizotandikwa ndani ya mishipa, yaani endotheli, zinaujua mkondo. Zimezoea kusuguliwa na damu bila kupumzika tangu mtoto avute pumzi ya kwanza. Msuguano huo ukikoma ghafla, milango ya potasiamu kwenye utando wa seli hujifunga, chaji ya umeme ya seli hubadilika, na kimeng'enya kiitwacho NADPH oksidesi huanza kutengeneza superoksaidi, aina ya oksijeni kali inayounguza seli. Mnyororo huu ulichambuliwa kwa miaka mingi na Aron Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Ubaya wake ni kwamba superoksaidi haitengenezwi bila oksijeni, na pafu, tofauti na figo iliyolala kwenye barafu, lina oksijeni tele. Lina kuni na lina moto.

Ukishalishika hilo, taratibu zote zinazoonekana kama ushirikina wa chumba cha upasuaji, mfuko wa maji uning'inizwe juu kiasi gani, hewa ifungiwe kiasi gani, kibano kilegezwe kwa dakika ngapi, zinapata maana. Zote zinailinda tabaka moja ya seli.

Tabaka hiyo inafanya kazi nyingi kuliko wembamba wake. Inatoa nitriki oksaidi na prostasaiklini, ambazo hulegeza misuli ya mishipa na kuzuia chembe sahani zisigandamane. Uso wake umefunikwa na utando wa sukari na protini uitwao glaikokaliksi, wenye utelezi kama wa bamia, ambao huziteleza seli nyeupe zisishike ukutani. Na imefumwa kwa protini zinazozibana seli zake pamoja ili maji ya damu yasivujie kwenye hewa. Ikijeruhiwa, yote hugeuka kwa pamoja. Superoksaidi huishambulia nitriki oksaidi iliyobaki na kuigeuza kuwa peroksinitriti, ambayo ni sumu. Endothelini, kemikali itolewayo na seli hizo hizo, huikaza mishipa. Utelezi humomonyoka, neutrofili (aina ya seli nyeupe) hunata, vidonge vya damu huanza kujijenga, na seli huachana. Mpokeaji anapata pafu lililojaa maji saa chache baada ya upasuaji mzuri. Hali hiyo ndiyo madaktari huiita PGD, yaani pandikizi kushindwa kazi mapema, na hupimwa kwa kugawanya shinikizo la oksijeni kwenye ateri kwa sehemu ya oksijeni anayovuta mgonjwa. Picha ya kifua ikionyesha maji na uwiano huo ukawa juu ya 300, ni daraja la 1; kati ya 200 na 300, la 2; chini ya 200, la 3. Hupimwa mpokeaji akiingia ICU, kisha saa 24, 48 na 72. Daraja la 3 linaloendelea hadi saa 48 au 72 ndilo la kuogopwa, kwa sababu huambatana na vifo na pia na pafu kuchakaa mapema miaka inayofuata.

Uharibifu huanza kabla ya kisu. Ubongo unapokufa, mwili humwaga adrenalini kwa mkupuo, shinikizo la damu hupanda ghafla, damu hurundikana kwenye mapafu na kapilari (vimishipa vyembamba kabisa) nyingine hupasuka. Hilo huwezi kulirudisha nyuma. Unachoweza ni kutoongeza. Mtoaji hupewa methilipredinisoloni miligramu 15 kwa kilo ili kupoza uvimbe. Mashine ya kupumulia huwekwa mililita 6 hadi 8 kwa kilo ya uzito unaostahili urefu wake, na shinikizo la mwisho wa pumzi sentimita 8 hadi 10 za maji. Jaribio lililofanywa hasa Italia na kuchapishwa 2010 lilionyesha kuwa kwa mpangilio huo watoaji 95% walibaki na mapafu yanayokidhi vigezo, dhidi ya 54% kwa mpangilio wa zamani wa pumzi kubwa. Ni hatua chache katika fani hii zinazoleta faida kubwa hivyo kwa kuzungusha kitufe tu.

Maji ya mishipani ndiyo hugombanisha timu. Wanaosubiri figo wanataka mtoaji anyweshwe. Wanaosubiri mapafu wanataka awe mkavu. Shinikizo la vena kuu kati ya 4 na 8 mmHg ndiyo maafikiano ya kawaida. Nikiulizwa, nitaegemea upande wa ukavu, kwa kuwa maji yaliyokwisha kuvujia pafuni hayarudi upesi.

Sasa usafishaji wenyewe, yaani kuiosha damu yote itoke pafuni kwa maji baridi, maana hapa ndipo makosa mengi ya mikono hutokea. Mtoaji hupewa heparini ya kuzuia damu kuganda, uniti 300 kwa kilo, na dakika kadhaa za kuzunguka mwilini. Bomba huingizwa kwenye ateri kuu ya mapafu. Ncha yake ikipita njiapanda ya ateri na kuzama tawi moja, pafu moja litaoshwa na jingine litabaki na damu yake, na mara nyingi hakuna atakayegundua hadi rangi zitofautiane. Kisha hudungwa prostaglandini E1, mikrogramu 500, moja kwa moja kwenye ateri hiyo. Maji baridi yakigusa mishipa, mishipa hujikunja. Dawa hii huifungua kwanza ili maji yafike kila kona. Pia huporomosha shinikizo la damu la mtoaji mara moja, kwa hiyo haidungwi mpaka timu ya moyo na ya tumbo ziko tayari kubana na kukata. Kijisikio cha atiria ya kushoto, chumba cha moyo kinachopokea damu kutoka mapafuni, hukatwa ili maji yapate pa kutokea. Tundu likiwa dogo, maji hujazana atiriani, shinikizo linarudi nyuma hadi kwenye kapilari, na umeliloweka pafu kwa mkono wako mwenyewe.

Maji yanayotumika sana ni Perfadex: dekstrani 40 gramu 50 kwa lita, sodiamu 138 na potasiamu 6 mmol kwa lita, na sukari kidogo. Kabla yake walitumia Euro-Collins, yenye potasiamu 115. Kiwango hicho kilikopwa kwenye figo, na kwa figo kilifaa. Kwenye ateri za pafu, potasiamu nyingi huikaza misuli ya mshipa, na mshipa uliokazwa hauoshwi. Kupunguza potasiamu na kuongeza dekstrani, kazi iliyosukumwa sana na kundi la Toronto, ni moja ya sababu zinazotajwa za PGD kupungua. Dekstrani huvuta maji yabaki ndani ya mshipa na huzuia seli nyekundu na chembe sahani zisishikane. Jambo dogo lisahaulikalo: Perfadex ya kawaida hutoka kiwandani ikiwa na tindikali na bila kalsiamu. Lazima iongezwe trometamoli (ya kupunguza tindikali) na kalsiamu kabla ya kutumika. Perfadex Plus huja ikiwa tayari imerekebishwa, na kwa timu inayofanya kazi saa tisa usiku hospitali ya ugenini, ningechagua hiyo bila kufikiri mara mbili.

Kiasi ni mililita 50 hadi 60 kwa kilo, yaani lita 3.5 hadi 4.2 kwa mtoaji wa kilo 70, kwa nyuzi 4 hadi 8 za Selsiasi. Mfuko huning'inizwe takriban sentimita 30 juu ya kifua, basi. Uzito wa maji ndio unaosukuma. Mtu akiubana mfuko kwa mkono au kwa mfuko wa shinikizo ili amalize haraka, anavunja kanuni yote: ateri ya pafu imezoea wastani wa mmHg 14 hivi, na seli zilizokwisha kupozwa hazina nguvu ya kujishikilia. Kupumulisha kusikome wakati huo, maana pafu lililosinyaa mishipa yake hujikunja nayo. Pafu likioshwa vizuri hugeuka jeupe kote. Doa jekundu linalobaki, hasa nyuma na chini, linasema hapo maji hayakufika.

Kisha hufuata hatua ambayo zamani wengi waliiruka: kuosha kinyumenyume. Mililita 250 kwa kila mshipa kati ya minne ya vena za mapafu, jumla lita 1, zikitokea kwenye ateri. Wenye mashaka watazame kinachotoka. Vidonge vya damu hutoka hata kwenye mapafu yaliyoonekana meupe, kwa sababu vilikuwa vimekwama ateri ndogo, na maji yanayotoka mbele yanazidi kuvishindilia. Maji ya kinyume pia huingia kwenye mishipa ya bronkasi (bomba la hewa liingialo pafuni), ambayo maji ya mbele huifikia kwa shida.

Kabla ya kufunga bomba la hewa kwa stepla, pafu hujazwa takriban nusu, kwa oksijeni 50% na shinikizo lisilozidi sentimita 15 hadi 20 za maji. Likijazwa pomoni, kapilari hunyooshwa na kuanza kuvuja, na ndege ikipaa hewa hiyo hutanuka zaidi. Likifungwa likiwa limesinyaa, vifuko hushikamana na mishipa huziba. Oksijeni ya 100% haina faida. Ni kuongeza kuni kwenye moto tuliousema mwanzo.

Sanduku la barafu linafaa sana kwa changu na tasi. Kwa pafu lina kasoro. Karibu na nyuzi 4, pampu za sodiamu husimama, seli huvimba, na mitokondria hudhoofika kwa namna isiyoonekana mpaka damu irudi. Majaribio ya wanyama yalikuwa yameshaashiria mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba nyuzi 10 ni bora, lakini barafu ni rahisi na jokofu la nyuzi 10 linahitaji umeme na uangalizi, kwa hiyo barafu ikashinda kwa uvivu wetu wa miaka thelathini. Marcelo Cypel na wenzake wa Toronto walilifufua jambo hilo kwa utafiti uliochapishwa 2021, na mwaka 2023 Toronto, Vienna na Madrid wakaripoti mapafu yaliyotolewa usiku, yakakaa kwenye nyuzi 10, yakapandikizwa asubuhi bila matokeo kuharibika. Mipaka ya zamani ya saa 6 hadi 8 imelegea. Angalizo moja: hiyo ni 10 inayodhibitiwa na kifaa. Sanduku lenye barafu iliyoyeyuka nusu si nyuzi 10, ni kubahatisha.

Njia nyingine ni kurudisha mkondo kabla ya kupandikiza. Stig Steen wa Lund, Sweden, alitengeneza maji yenye albumini na dekstrani yanayoweza kuzungushwa pafuni likiwa nje ya mwili, na timu yake ikapandikiza pafu la kwanza lililopimwa hivyo mwaka 2000. Toronto waliirekebisha. Hawatii seli nyekundu. Mkondo ni 40% tu ya ule wa moyo, kwa mtu wa wastani lita 2 hivi kwa dakika. Shinikizo la ateri liwe chini ya mmHg 15. Atiria hufungwa na kuwekwa kwenye shinikizo la 3 hadi 5. Shinikizo hilo dogo la atiria huzuia vena zisifunge na kufunguka, maana vena ikipigapiga hivyo hujeruhi kapilari zinazoitangulia. Mwendo huanza polepole: 10% ya mkondo uliolengwa, joto likipanda kwa hatua, pumzi zikianza likifika nyuzi 32, na mkondo kamili ukifikiwa saa ya kwanza. Pumzi ni 7 kwa dakika, mililita 7 kwa kilo, oksijeni 21%.

Ukitazama skrini ya mashine hiyo, usivutwe na oksijeni peke yake. Maji yasiyo na seli nyekundu huficha mengi: pafu linaweza kuwa linavuja na bado oksijeni ikaonekana nzuri. Upinzani wa mishipa ukipanda saa baada ya saa, pafu likizidi kuwa gumu, au kiwango cha maji kwenye chombo kikishuka kuliko inavyotarajiwa, endotheli inakueleza jambo. Maji yale yaliyopungua yameingia pafuni.

Chumbani kwa mpokeaji, hatari kubwa ni dakika kumi za kwanza. Bronkasi, ateri na atiria zikishaunganishwa, mshono wa atiria huachwa wazi kidogo, kibano cha ateri kinalegezwa ili hewa na maji ya Perfadex yatoke, kisha mshono hufungwa. Mpokeaji huwa amepewa methilipredinisoloni, kwa kawaida miligramu 500 hadi 1,000. Kuanzia hapo kibano hufunguliwa taratibu kwa dakika 10 au zaidi, huku wastani wa shinikizo la ateri ya pafu ukizuiwa usivuke mmHg 20 hadi 25. Mtaalamu wa usingizi naye ashushe oksijeni hadi kiwango cha chini ambacho mgonjwa atakimudu, 21% hadi 30% ikiwezekana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba kuvuta zaidi ya 40% damu inaporudi huambatana na PGD kali. Mazoea ya kumpa mgonjwa oksijeni yote "kwa usalama" yana gharama yake hapa.

Anayepandikizwa mapafu mawili bila mashine ana tatizo jingine. Pafu la kwanza likishaingia, la pili la zamani hutolewa, na moyo wote, lita 5 kwa dakika, unapita kwenye pafu moja lililotoka kwenye baridi. Ndiyo maana Vienna na Hannover huegemea ECMO, mashine inayozungusha damu nje ya mwili na kuitia oksijeni, wakati wa upasuaji: sehemu ya damu huzungushiwa nje na pafu jipya hupewa fungu linalolimudu. Mashine kamili ya moyo na mapafu hufanya hivyo pia, lakini huamsha zaidi uvimbe na kugandisha, na huhitaji heparini nyingi zaidi.

Watu huuliza kuhusu nitriki oksaidi ya kuvuta. Kwa nadharia ingepaswa kufanya maajabu, maana ndiyo ile ile iliyopotea. Jaribio la Toronto la 2003, sehemu 20 kwa milioni kuanzia dakika 10 baada ya damu kurudi, halikuonyesha kuzuia PGD. Leo naiona kama dawa ya kuokolea: shinikizo la ateri ya pafu liko juu na oksijeni haishiki, iwashe. Kumpa kila mpokeaji ni kumwaga pesa.

Mshono wenyewe unaweza kuua mishipa yote iliyolindwa kwa saa kumi. Ateri iliyoachwa ndefu hujikunja kifua kikifungwa. Ukingo wa atiria ukikazwa kama mdomo wa mfuko, vena husongwa, damu hurudi nyuma, na lobu (sehemu ya pafu) inayotoa damu kwa vena hiyo hujaa maji. Kwenye picha inafanana kabisa na PGD. Ukiona maji upande mmoja tu, au lobu moja tu, usiseme PGD mpaka upime kwa mashine ya sauti kupitia umio: vena iliyo chini ya sentimita 0.5, au damu inayopita kwa kasi zaidi ya mita 1 kwa sekunde, ni ya kurudiwa kuangaliwa, na pengine kufunguliwa usiku huo huo. Dawa ya kukojoza haifungui mshono.

ICU, kumbuka kuwa mifereji ya limfu ilikatwa pamoja na bronkasi. Pafu halina mfereji wa kutolea maji kwa wiki kadhaa. Shinikizo la damu likishuka, jibu la kwanza lisiwe lita nyingine ya dripu. Liwe noradrenalini au vasopresini, dawa za kukaza mishipa, na uchunguzi wa sababu. Damu na mazao yake hutolewa kwa ubahili, kwa kuwa kuongezewa kwa wingi, zaidi ya lita 1, ni miongoni mwa vihatarishi vilivyothibitika vya PGD.

Bronkasi ina hadithi yake. Ateri zake hutoka kwenye aota, na karibu kila mahali haziunganishwi. Kipande cha bronkasi cha mtoaji huishi kwa damu inayorudi nyuma kutoka kwenye mzunguko wa pafu, damu ya shinikizo dogo na yenye oksijeni chache, hadi vimishipa vipya viote baada ya wiki kadhaa. Daktari wa upasuaji James Hardy alipopandikiza pafu la kwanza la binadamu Mississippi, Marekani, Juni 1963, mgonjwa aliishi siku 18. Katika miaka iliyofuata wengi waliovuka siku za mwanzo waliangushwa na mshono wa bronkasi kuachia, mpaka Toronto walipofanikiwa 1983. Dawa ya hali hii ni ya fundi: kata bronkasi ya mtoaji fupi, ibaki pete moja au mbili tu za gegedu juu ya tawi la lobu ya juu, na usiyakwangue manyama yanayoizunguka, kwani ndimo vimishipa vinamopita. Copenhagen waliwahi kuziunganisha ateri hizo kwa kutumia ateri ya ndani ya kifua. Inawezekana, lakini inaongeza muda na kutokwa damu, na wengi wameiacha.

Hapo ndipo pia sirolimasi na everolimasi, dawa za kuzuia mwili kulikataa pandikizi, zinapotegea. Zote huzuia kuota kwa mishipa, na kwa miezi ya baadaye zina faida zake, hasa figo zikichoshwa na takrolimasi, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo. Zikianzishwa kabla bronkasi haijapona, mshono umewahi kuachia na wagonjwa wakafa. Kwa hiyo husubiriwa angalau siku 90, na kamera iingizwe kwanza kuuona mshono kwa macho. Wakati huo huo vipimo vya kingamwili dhidi ya HLA (alama za utambulisho kwenye seli) za mtoaji viendelee kwa ratiba, kwa sababu kingamwili hizo zikizuka, ukuta wa kwanza zinaoukuta ni endotheli, na C4d, alama inayoachwa na shambulio la kingamwili, kwenye kipande cha pafu huonekana kwenye kapilari zile zile.